Agnes Moorehead na sauti tunayoilinda vibaya

Tangu waigizaji wa Marekani wagome kwa siku 118 mwaka 2023, karibu kila anayezungumzia akili mnemba na sanaa huishia kwenye swali moja: sauti ni ya nani? Machi 2024 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria inayomkinga mtu asinakiliwe sauti bila ridhaa yake. Miezi miwili baadaye kampuni ya OpenAI iliondoa sauti ya ChatGPT iliyoitwa Sky, baada ya muigizaji Scarlett Johansson kulalamika kwamba inafanana mno na yake. Kwetu Afrika Mashariki, ambako tamthilia za Kichina na Kituruki huingizwa sauti za Kiswahili, jibu linalovutia wengi ni hilo hilo: sheria itamke kwamba sauti ya mtu ni mali yake, mambo yaishe. Nadhani jibu hilo linalenga pembeni. Muigizaji huuza uigizaji, yaani pumzi, mwendo wa maneno, mahali pa kunyamaza, uamuzi wa kupandisha hasira sasa au kuisubirisha sentensi tatu mbele. Mlio wa koo lake ni sehemu ndogo ya kazi hiyo, na ndiyo sehemu pekee ambayo sheria hizi mpya zinaishika sawasawa. Anayetaka kuliona jambo hilo kwa uwazi aangalie maisha ya Agnes Moorehead, muigizaji wa jukwaani na redioni aliyepokonywa kazi yake kubwa kuliko zote bila mtu yeyote kuinakili sauti yake.

Moorehead alizaliwa tarehe 6 Desemba 1900 mjini Clinton, Massachusetts, binti wa mchungaji wa Kipresbiteri. Alisoma chuo, akafundisha shule, kisha akaenda New York kusomea uigizaji katika American Academy of Dramatic Arts, akahitimu 1929. Mwaka huo ndio soko la hisa la New York lilipoporomoka. Majumba ya maonyesho yakafungwa moja baada ya jingine, na waigizaji waliokosa jukwaa wakaikimbilia redio, ambayo ilikuwa ikipanuka kwa kasi. Huko ndiko alikojijenga. Alikuwa Min katika mchezo wa kuchekesha wa The Gumps. Kuanzia 1937 akawa Margo Lane katika The Shadow, akicheza na Orson Welles. Welles, mwongozaji na muigizaji, alimchukua kwenye kundi lake la maigizo la Mercury na kumfikisha Hollywood, ambako alicheza mama wa mhusika mkuu katika Citizen Kane ya 1941, na mwaka uliofuata akapata uteuzi wake wa kwanza wa Oscar kwa The Magnificent Ambersons. Aliteuliwa mara nne, hakushinda hata moja. Leo wengi wanamkumbuka kwa televisheni, kama Endora, yule mama mkwe mchawi wa Bewitched iliyorushwa kuanzia 1964 hadi 1972. Redio hakuiacha. Januari 1974 ndiye aliyecheza katika mchezo wa kwanza kabisa wa CBS Radio Mystery Theater, na Aprili mwaka huo huo akafariki dunia.

Ili kuelewa alichokuwa akiuza, ingia naye studio. Kipaza sauti cha enzi hizo kilikuwa cha utepe, na RCA 44 ndicho kilichojulikana zaidi. Ndani yake mna utepe mwembamba wa aluminiamu ulioning'inizwa katikati ya sumaku. Kinasikia mbele na nyuma, ubavuni hakisikii, kwa hiyo waigizaji wawili waliweza kusimama wakitazamana, kila mmoja upande wake. Ukitamka "p" au "b" kwa kishindo ukiwa karibu, upepo wa kinywa unaupiga utepe na msikilizaji anasikia mlipuko. Ukikisogelea, besi inaongezeka na sauti inanenepa. Ndiyo maana mnong'ono wa mapenzi au wa njama ulifanywa mdomo ukiwa karibu kabisa. Yowe lilihitaji kurudi nyuma hatua moja au mbili, au kugeuza uso upande usiosikia, la sivyo mlio wote unavurugika. Mhusika anayeingia chumbani alianzia ubavuni na kusogea polepole hadi mbele huku akizungumza. Kurasa za mswada hazikubanwa kwa pini: ukimaliza ukurasa unauachia udondoke kwenye zulia, kwa sababu mchakacho wa karatasi unasikika kama moto. Nyuma ya kioo mwongozaji ana saa mkononi, na kipindi cha nusu saa kikipitiliza hata kidogo, kinakula muda wa kipindi kinachofuata. Yote haya muigizaji aliyafanya huku akisoma, akimsikiliza mwenzake, akitazama ishara ya mwongozaji na kulia machozi ya mtu mwingine. Huo ni ufundi wa mwili mzima. Anayeuita "sauti nzuri" hajauona.

Tarehe 25 Mei 1943, katika mfululizo wa Suspense wa redio ya CBS, Moorehead alicheza Sorry, Wrong Number, mchezo wa nusu saa ulioandikwa na Lucille Fletcher. Bibi Stevenson ni mgonjwa wa kitandani, yuko peke yake nyumbani. Anampigia simu mumewe, nyaya zinagongana, anawasikia wanaume wawili wakipanga kumuua mwanamke usiku ule ule, saa tano na robo, treni itakapokuwa ikipita darajani ili mlio wake ufunike kelele. Muda wote uliobaki anahangaika na simu: opereta, polisi, hospitali, opereta tena. Waliompokea walisikika kupitia kichujio kinachokata besi na milio ya juu ili wafanane na watu wa kwenye simu. Yeye peke yake ndiye aliyebaki na sauti kamili, na karibu mchezo wote umebebwa na kinywa chake. Mtego wa mchezo huu uko wazi kwa yeyote aliyewahi kuigiza. Ukianza na hofu, dakika ya kumi huna tena pa kupanda, na dakika ya ishirini unapiga kelele tupu. Moorehead alianza na ukorofi. Bibi Stevenson wa dakika za mwanzo ni mwanamke mdekezwa, mlalamishi, anayewakaripia wahudumu wa simu, na msikilizaji anakaribia kumchukia. Hofu inaingia kidogo kidogo kupitia pumzi: sentensi zinafupika, anameza hewa katikati ya neno, anarudia jina la mumewe kwa mkazo tofauti. Anapofikia kuvunjika, msikilizaji amekwishajiona mkosefu kwa kumchukia. Mpangilio huo wa ngazi haukuandikwa wote kwenye karatasi. Mwandishi aliweka maneno, muigizaji aliweka ngazi.

Katika matangazo ya kwanza yaliyoelekezwa mashariki ya Marekani, ishara moja ya mwisho ilikwenda kombo, na wasikilizaji wengi hawakuelewa kilichompata bibi yule. Mchezo ukarudiwa Agosti mwaka huo huo, na baada ya hapo ukarudiwa tena na tena. Moorehead aliucheza kwenye Suspense mara nane, wa mwisho ukiwa Februari 1960. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka rekodi ya Mei 1943 katika hazina ya taifa ya rekodi za sauti, kwenye orodha ya mwaka 2014.

Kisha mwaka 1948 likaja jambo ambalo ndilo kiini cha hoja yangu. Studio ya Paramount iliugeuza mchezo ule kuwa filamu ya dakika 89 na kumpa Barbara Stanwyck nafasi ya Bibi Stevenson. Stanwyck alikuwa nyota mwenye jina la kujaza ukumbi, alicheza vizuri, akateuliwa kuwania Oscar. Moorehead mwaka huo huo aliteuliwa kama muigizaji msaidizi kwa filamu nyingine, Johnny Belinda. Lucille Fletcher, mwandishi, alikuwa na mswada, na mswada una hakimiliki, kwa hiyo hakuna studio iliyoweza kuutengeneza bila kupita kwake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika mswada wa filamu. Muigizaji hakuwa na kitu cha namna hiyo mkononi. Kwa miaka mitano mamilioni ya wasikilizaji walimjua Bibi Stevenson kama Moorehead alivyomjenga, na ujenzi huo haukumpa haki yoyote ya kudai. Hakuna aliyeiba koo lake. Hata kama Marekani ya 1948 ingekuwa na sheria ya Tennessee, isingemsaidia kwa shilingi moja.

Anayeamini bado kwamba thamani yake ilikuwa katika mlio wa sauti, atazame kipindi cha The Twilight Zone kiitwacho The Invaders, kilichorushwa Januari 1961. Moorehead anacheza mwanamke wa shamba aliyevamiwa na viumbe vidogo, na katika kipindi chote hatamki neno hata moja. Anahema, anagumia, anapumua kwa maumivu, anatulia kusikiliza. Kazi ya nusu saa aliibeba bila lugha, kwa ufundi uleule wa pumzi alioutumia kwenye simu mwaka 1943. Upande wa pili wa sarafu ni Don Juan in Hell, sehemu ya tamthilia ya Bernard Shaw aliyozunguka nayo kuanzia 1951 pamoja na Charles Laughton, Charles Boyer na Cedric Hardwicke. Watu wanne waliovaa nguo za jioni, viti virefu, stendi za kuwekea mswada, vipaza sauti, basi. Hakuna mapambo ya jukwaa, na kumbi zilijaa, kwa sababu wanne hao walijua namna ya kumfanya msikilizaji asubiri neno linalofuata. Redio ilikuwa imepanda jukwaani.

Sasa kuna upande wa maisha yake unaowasumbua watetezi wa sheria ya kufanana kwa sauti. Moorehead mwenyewe alikuwa muigaji wa sauti za watu. Katika The March of Time, kipindi cha miaka ya 1930 na 1940 kilichoigiza habari za wiki kwa kutumia waigizaji na wanamuziki, yeye alikuwa mmoja wa waliomuigiza Eleanor Roosevelt, mke wa rais. Uigaji wa kipindi hicho ulikuwa hodari kiasi kwamba Ikulu ya Marekani iliomba sauti ya Rais Roosevelt isiigizwe tena, kwa kuwa wasikilizaji walishindwa kutofautisha rais na muigizaji. Wasiwasi wa Ikulu ulikuwa wa haki kabisa. Lakini sheria inayosema kila kufanana kwa sauti ni wizi ingeifuta sehemu nzima ya kazi za waigizaji wa redio, pamoja na waigaji wote wa viongozi tunaowapenda katika vichekesho vyetu. Mahakama za Marekani zilijaribu kupita katikati. Mwaka 1988 muimbaji Bette Midler alishinda hoja yake dhidi ya tangazo la magari ya Ford lililotumia muimbaji aliyeelekezwa kumuiga, na baadaye baraza la wazee wa mahakama likaamuru alipwe dola 400,000. Msingi wa uamuzi ule ulikuwa sauti inayotambulika ya muimbaji maarufu. Neno "maarufu" ndilo la kuliangalia. Sheria ya kufanana humlinda mwenye sauti inayojulikana na umma, na wasanii wengi wanaoingiza sauti za Kiswahili hawajulikani hata kwa majina.

Kuna hoja tatu zinazotolewa dhidi ya wasiwasi kuhusu sauti za mashine, na uzito wake haulingani. Ya kwanza ndiyo dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa zaidi na wasanii wenyewe: kwamba mashine haina hisia, kwa hiyo haitaweza kamwe kuchukua nafasi ya mtu. Hoja hii inachanganya anayehisi na anayesikiliza. Moorehead hakuhitaji kuuawa ili msikilizaji aogope. Msikilizaji hupokea pumzi, mwendo na ukimya, na vitu hivyo vinaweza kupimwa na kunakiliwa. Isitoshe, mashine haihitaji kubuni hisia. Kuna njia mbili za kuzalisha sauti bandia. Moja ni kuipa mashine maandishi na sampuli ya sauti ili isome yenyewe. Januari 2023 Microsoft ilitangaza mfumo wa VALL-E, ambao sekunde 3 za sampuli zinautosha kuiga mlio wa mtu. Njia hii hujikwaa kwenye uigizaji, hasa wa Kiswahili: mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho inaupata, lakini "haya" ya kukubali, "haya" ya kutisha na "haya" ya kukata tamaa huzitoa kwa pumzi moja, vicheko vinakatika, "mh" na "ala" vinasomwa kama maneno ya kamusi, na lafudhi ya Unguja inaanza sentensi inayomaliziwa na ya bara. Njia ya pili ndiyo ya hatari, na haizungumzwi vya kutosha. Mtu anaigiza, kisha mashine inabadili mlio wa koo lake kuwa wa mtu mwingine huku ikibakiza pumzi, mwendo na mkazo wake wote. Sauti ya mwaka 2022 ya Darth Vader, mhusika wa Star Wars, ilitengenezwa kwa teknolojia ya namna hiyo, kwa mlio wa James Earl Jones, muigizaji aliyempa sauti tangu mwanzo, kutoka kwenye rekodi zake za zamani na kwa ridhaa yake.

Njia hii ya pili inatenganisha vitu viwili ambavyo tangu dunia kuumbwa vilikuwa ndani ya mwili mmoja: mlio na uigizaji. Mwenye mlio anaweza kulipwa, na huko ni kuzuri. Aliyeigiza, aliyepanga ngazi, aliyepumua, anabaki bila jina na bila mlio wake. Sheria inayolinda mlio peke yake inamlipa mtu mmoja na kumsahau mwenzake kabisa. Msanii wa Dar es Salaam au Nairobi anayeitwa studio kusoma sehemu kumi kwa malipo ya siku, kisha kazi yake ikavikwa koo la nyota fulani, hataweza kumshtaki yeyote kwa kunakili sauti yake. Hakuna aliyeinakili.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi: uigaji ulikuwepo siku zote, Moorehead alimuiga Eleanor Roosevelt akalipwa, kwa nini leo tupige kelele? Jibu liko katika mazingira ya kazi ile. Muigaji alikuwa mtu mzima aliyesimama studio, mwenye ratiba, mwenye chama. Chama cha wasanii wa redio wa Marekani, AFRA, kiliundwa 1937 na kupigania viwango vya malipo kwa kila kipindi. Kwa miaka mingi NBC na CBS hazikupenda kurusha vipindi vilivyorekodiwa, na pwani ya mashariki imeitangulia ya magharibi kwa saa tatu, kwa hiyo mchezo mmoja mara nyingi uliigizwa moja kwa moja mara mbili usiku mmoja, na muigizaji alilipwa pia kwa marudio. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mkanda wa sumaku ukaja, hasa baada ya muimbaji Bing Crosby kushika njia ya kurekodi kipindi chake, na utaratibu ule wa kurudia ukaanza kufa. Hakuna aliyefukuzwa kazi siku hiyo. Yaliyokufa ni malipo ya pili, na ilibidi vyama vipambane upya ili mkanda unaporushwa tena muigizaji akumbukwe. Mabadiliko ya leo ni ya jamii hiyo hiyo, yamezidi kwa kasi tu. Tofauti ni kwamba waigizaji wa 1947 walikuwa na chama cha miaka kumi kikiwangojea mlangoni. Wasanii wetu wa sauti wengi wanajadiliana mmoja mmoja na mwenye studio, aliyeshika fomu ya kurasa mbili.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na naiheshimu: gharama. Kuingiza sauti kwa ukamilifu ni kazi ndefu. Mswada unatafsiriwa, kisha unatafsiriwa tena ili silabi zilingane na midomo, kwa maana neno moja la Kiswahili linaweza kuwa na silabi tano mahali ambapo Mchina ametamka mbili. Herufi za kufumba mdomo, yaani m, b na p, zinatakiwa ziangukie pale mdomo wa kwenye picha unapofumba. Mchezo hukatwa vipande vifupi, muigizaji anatazama kipande, anasikiliza cha asili masikioni, anarekodi, anarudia. Makosa ya kawaida ni kukimbiza maneno ili kuwahi midomo hadi hisia zinapotea, au kuwatumia watu watatu kwa wahusika kumi na watano hadi mtazamaji anawachanganya baba na mjomba. Tangu TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou kwa Kiswahili mwaka 2011, watazamaji wamezoea kiwango, na kiwango kina bei. Bila mashine, vipindi vingi vya afya, kilimo, sayansi na masomo ya watoto havitapata Kiswahili kamwe. Ningekuwa mkulima wa Songea ninayetaka kujua jinsi ya kukinga mahindi yangu, ningeikubali sauti ya mashine inayosomeka vizuri. Kwa vipindi vya maelezo sina ugomvi, mradi msikilizaji aambiwe anachosikiliza. Ugomvi uko kwenye tamthilia, ambako mashine inayofanya kazi vizuri inafanya hivyo kwa sababu kuna muigizaji ndani yake ambaye hajatajwa.

Sheria tulizonazo si bure. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na zote zinamtambua muigizaji kama mwenye haki zinazopakana na za mwandishi. Tatizo liko kwenye mizizi. Mkataba wa Roma wa 1961, ambao ndio mama wa haki hizi duniani, unamruhusu muigizaji kuzuia kurekodiwa bila ridhaa. Lakini ibara yake ya 19 inasema akisharidhia kuingizwa kwenye picha za kuonekana, ulinzi huo unakoma. Mkataba wa Beijing wa 2012, ulioanza kutumika 2020, ulitungwa kuziba pengo hilo. Na hata pale rekodi inapolindwa, kinacholindwa ni rekodi yenyewe. Anayetengeneza upya mwendo ule ule kwa mlio mwingine huponyoka. Upande wa taarifa binafsi, sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zinatoa mlango wa kuanzia, kwa kuwa sauti inayomtambulisha mtu inaweza kudaiwa kuwa taarifa yake. Huko nako tunarudi pale pale: mlio unalindwa, ngazi ziko nje.

Kwa sababu hiyo mkataba wa kazi una nguvu kuliko sheria itakayokuja, na msanii anaweza kuudai leo. Neno la kwanza la kutafuta kwenye fomu ni "vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa", au maneno ya kufanana nayo. Hapo ndipo haki zote huuzwa kwa pamoja. Libadilishwe litaje kazi moja kwa jina lake, lugha, nchi na muda, miaka mitatu au mitano. Kifuate kifungu kinachokataza rekodi kutumika kufunza mfumo wowote wa kuzalisha sauti, na kitaje uigizaji pamoja na sauti, ili kubadilishwa mlio kusiwe njia ya kutorokea. Vipande ghafi vinahitaji sentensi yake: yale marudio kumi ya mstari mmoja ambayo hayakutumika ndiyo chakula bora cha mashine, maana yanaonyesha mtu yule yule akisema jambo lile lile kwa hisia kumi, na kwa kawaida hubaki kwenye kompyuta ya studio bila mwenyewe. Yafutwe baada ya kazi kukabidhiwa, au yalipiwe. Uigizaji ukivikwa mlio wa mwingine, aliyeigiza atajwe na alipwe kwa kila lugha na kila marudio. Mwenye studio akisema bajeti hairuhusu mrabaha, apewe bei mbili: moja ya kurusha peke yake, nyingine kubwa zaidi ya kurusha na kutumia upya. Bei mbili mezani humlazimisha aseme anachokusudia.

Jambo moja zaidi ni la haraka kuliko mikataba mipya. Redio za Afrika Mashariki zina miongo ya michezo ya Kiswahili kwenye maghala, toka kanda za sumaku hadi mfululizo kama Twende na Wakati ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Kwa yeyote anayetaka kufundisha mashine kuigiza Kiswahili, hizo ni mali ghali kuliko mazungumzo ya mtandaoni, kwa sababu ni sauti safi za studio zenye hisia zilizopangwa na miswada ya kulinganisha. Moorehead tunamjadili leo kwa sababu jina lake lilitangazwa hewani kila mara, na tarehe za kila marudio zimehifadhiwa. Mchezo wa redio usio na orodha ya waigizaji hauna wa kulipwa, hata sheria ikiwa nzuri namna gani. Kabla kituo chochote hakijasaini kutoa maghala yake, kikae na waigizaji wa zamani walio hai, wazisikilize kanda pamoja, na mbele ya kila mhusika liandikwe jina la aliyemcheza.